Kuoa ao kuolewa inchi ya kigeni: karatasi zenye zinaombwa na njia ya kuzipata

Katika majimbo ya mashariki, mupaka haiko mbali. Musichana wa Uvira anapata muchumba Bujumbura, kijana wa Beni ao Butembo anapata wake Kampala, familia ya Bukavu iko na mutoto mwenye anaishi Bruxelles, na ingine iko na ndugu mwenye alipelekwa Marekani kutoka kambi ya wakimbizi. Familia zinaonana, mahari inazungumuziwa, siku inapangwa. Kisha, kwenye ofisi ya inchi ingine, mutumishi anauliza karatasi moja tu: ya kuzaliwa. Hapo ndipo ndoa nyingi zinasimama, miezi sita, wakati mwingine mwaka muzima.

Habari hii inaeleza karatasi gani mukaaji wa Kongo anapashwa kuwa nazo juu ya kufunga ndoa ya serkali inchi ya kigeni, zinatolewa wapi, zinachukua muda gani, na makosa gani yanaweza kuharibu kila kitu.

Sheria ya inchi gani inafwatwa?

Sheria mbili zinafanya kazi pamoja. Namna ya kufunga ndoa (ofisi gani, matangazo siku ngapi, mashahidi wangapi) inafwata sheria ya pale ndoa inafungiwa. Lakini kujua kama mutu ana haki ya kuoa ao kuolewa, inchi nyingi zinaangalia sheria ya inchi yake mwenyewe. Ubelgiji, kwa mufano, iko na kanuni hiyo katika sheria zake: kila muchumba anapimwa kwa sheria ya uraia wake.

Kwa Mukongomani, sheria hiyo ni Code de la famille, ndiyo sheria n° 87-010 ya tarehe 1 Agosti 1987, yenye ilirekebishwa na sheria n° 16/008 ya tarehe 15 Julai 2016. Mambo makubwa yenye inaomba ni haya: kila muchumba awe na miaka 18 imetimia, akubali yeye mwenyewe bila kulazimishwa, asiwe tayari kwenye ndoa ingine, na mahari iwe imetolewa, hata kama ni sehemu tu. Ndiyo sababu mutumishi wa Ulaya mwenye hajui mahari ni nini anaweza kuomba karatasi yenye inaeleza sheria ya Kongo juu ya ndoa. Karatasi hiyo inaitwa certificat de coutume, na mara nyingi inatolewa na ambasade ya Kongo katika inchi ile.

Jambo lingine: katika Kongo, ndoa ya kanisa peke yake haihesabiwe kuwa ndoa ya serkali. Katika Kenya, Uganda na Tanzania ni tofauti, kule muchungaji, padri ao shehe mwenye ana ruhusa ya serkali anaweza kufunga ndoa yenye inaandikwa kwa serkali. Inafaa kuuliza mbele kama yule mwenye atafunga ndoa ana ruhusa hiyo.

Karatasi zenye zinaombwa karibu kila mahali

Kila inchi iko na orodha yake. Lakini zile zinarudia-rudia ni hizi:

– Karatasi ya kuzaliwa (acte de naissance), haiko attestation de naissance.
– Paspoti yenye haijaisha muda.
– Karatasi ya kuonyesha kama mutu hana bibi ao bwana (attestation ao certificat de célibat).
– Karatasi ya makao (attestation de résidence).
– Karatasi ya sheria ya ndoa ya Kongo (certificat de coutume).
– Kwa mwenye aliachana: hukumu ya talaka kutoka tribinali. Kwa mujane: acte de décès ya bwana ao bibi.
– Mara ingine, karatasi ya korti ya kuonyesha kama mutu hajahukumiwa (extrait de casier judiciaire) na certificat médical, zaidi sana wakati wa kuomba viza.

Karatasi za célibat na za makao hazidumu. Ofisi nyingi zinakataa yenye imepita miezi mitatu ao sita. Kwa hiyo mutu hapashwe kuanza na hizo. Anaanza na ile ya kuzaliwa, yenye inachukua muda murefu, na ile ya célibat anaiomba mwishoni.

Attestation haiko acte

Hapa ndipo watu wengi wanakosea. Attestation de naissance ni karatasi yenye inatolewa na hospitali, ao na komini ao kartie, kusema kwamba mutu fulani alizaliwa siku fulani. Acte de naissance ni ingine: inatoka katika kitabu cha serkali, chenye kinashikwa na officier de l'état civil. Katika muji, ofisa huyo ni burgumestre wa komini. Katika teritware, ni mukubwa wa sekta ao wa chefferie. Acte iko na namba, volime na folio ya kitabu. Ambasade inaomba hiyo.

Sheria ya kulinda mutoto, n° 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009, inapatia wazazi siku 90 kisha kuzaliwa kwa kuandikisha mutoto. Wazazi wengi wa mashariki hawakufanya vile. Kuna wenye walikuwa mbali na ofisi, wengine walikuwa wanakimbia vita, wengine walizani kwamba karatasi ya maternité ao ya ubatizo inatosha. Na hata mwenye aliandikishwa anaweza kukuta kitabu kiliungua ao kiliporwa.

Kwa mutu muzima mwenye hana acte, njia ya sheria inapita kwenye tribinali ya amani (tribunal de paix). Hatua ni hizi:

1. Anaandika ombi (requête) kwa mukubwa wa tribinali ya amani ya mahali alizaliwa. Anaweka pamoja vitu vyenye vinaonyesha kuzaliwa kwake: attestation de naissance, karatasi ya ubatizo, kadi ya uchaguzi, diplome, kitambulisho cha wazazi.

2. Kesi inasikilizwa. Muamuzi anaweza kuomba wazazi ao mashahidi wenye walijua kuzaliwa kwake. Kisha anatoa hukumu yenye inaitwa jugement supplétif.

3. Hukumu inatangazwa kwa njia ya sheria (signification), na muda wa kukata rufaa unaanza kuhesabiwa. Muda huo ni siku 30.

4. Kisha siku hizo kupita, mutu anaenda kwa karani wa tribinali ya juu (tribunal de grande instance), kwa sababu huko ndiko rufaa ingepelekwa. Anaomba certificat de non-appel, kusema kwamba hakuna mutu mwenye alikata rufaa.

5. Na hukumu na certificat de non-appel mukononi, anarudi kwa burgumestre ao mukubwa wa sekta. Huyo anaandika hukumu katika kitabu na kutoa acte de naissance.

Ambasade nyingi haziridhike na acte peke yake. Zinaomba karatasi zote tatu pamoja: hukumu, non-appel na acte. Tena zinaangalia tarehe. Hukumu ya tarehe 3 na non-appel ya tarehe 10 ya mwezi uleule inaonyesha kwamba siku 30 hazikuheshimiwa. Kwa mutumishi wa ambasade, hiyo ni alama ya karatasi ya kununua. Mutu mwenye alilipa juu ya kuharakisha anajikuta amelipa kwa kukataliwa.

Mwenye ako na acte tayari, lakini iko na kosa (mwaka wa kuzaliwa, herufi ya jina), hapashwe kufuta na kalamu wala kuomba mukarani "atengeneze". Kosa katika acte linarekebishwa na hukumu ya tribinali.

Majina yenye hayalingane

Jambo hili linaonekana dogo, lakini linaharibu faili nyingi. Mukongomani iko na jina, jina la pili (postnom) na jina la ubatizo (prénom). Mu kadi ya uchaguzi kunaweza kuandikwa mawili, mu diplome matatu, mu paspoti ni namna ingine. Watu wenye walizaliwa wakati wa Zaire wako na shida yao: tangu 1972, serkali ya Mobutu ilikataza majina ya kizungu, basi prénom yenye kila mutu anamuita nayo haipatikane kwenye karatasi yake ya kuzaliwa, inapatikana tu ku karatasi ya ubatizo.

Kuna pia majina ya wazazi. Kama mu acte mama anaandikwa jina moja, na mu faili ya HCR ya ndugu mwenye alienda Marekani mama yuleyule anaandikwa lingine, mutumishi wa viza ataona kama ni wanawake wawili.

Dawa ni kuweka karatasi zote juu ya meza, mbele ya kulipa hata franka moja, na kusoma majina herufi kwa herufi, tarehe kwa tarehe. Paspoti inafaa ifwate acte, haiko acte kufwata paspoti. Mwenye anapanga kuomba paspoti mupya amalize kwanza mambo ya acte.

Célibat, na mutego wa mahari

Attestation de célibat inatolewa na komini ao sekta yenye mutu anaishi. Inasema kwamba mutu huyo hajaandikwa kwenye ndoa. Kuipata haiko kazi nguvu. Ugumu uko katika ukweli wake.

Sheria ya Kongo inakubali namna mbili za ndoa: ile inafungwa mbele ya officier de l'état civil, na ile inafungwa katika familia kufwatana na desturi, kisha inapelekwa kuandikwa. Kwa hiyo, mahari ikishatolewa yote, familia zikishakula pamoja na bibi arusi akishapelekwa, kuna ofisi za kigeni zenye zinaweza kusema: "Hawa wamekwisha kuoana kwa desturi." Wakati huo, mwenye aliomba viza ya muchumba anaambiwa haiko muchumba tena, ni bibi. Na mwenye alileta attestation de célibat anaulizwa juu ya nini alisema hana bwana, na picha za sherehe ziko kwenye Facebook.

Ni vizuri wachumba waamue mapema njia moja. Ya kwanza: kufunga ndoa ya serkali huku Kongo, yule wa inchi ya kigeni anakuja, kisha wanaomba viza ya familia (regroupement familial). Ya pili: kwenda kufunga ndoa kule. Hapo inabidi kuelezea familia kwamba sehemu ya mahari inaweza kutolewa kama vile sheria ya Kongo inaomba, lakini sherehe kubwa na kupeleka bibi arusi vingoje ndoa ya serkali. Kwa wazazi wengi jambo hili ni nguvu kukubali. Heri wazungumuze mapema kuliko kukataliwa viza kisha mbuzi na ngombe kuisha kutolewa.

Mutu mwenye bwana ao bibi yake alipotea katika vita, na hakuna acte de décès, hawezi kusema tu "mimi mujane." Anapashwa kwenda tribinali. Sheria inaruhusu muamuzi kutoa hukumu ya kusema kwamba mutu alikufa (jugement déclaratif de décès) kama mambo yenye yalitokea yanaonyesha vile, hata kama maiti haikupatikana. Na kuachana mbele ya wazee, ao kurudisha mahari, haiko talaka mbele ya ofisi ya kigeni: wanaomba hukumu.

Muhuri mpaka Kinshasa

Karatasi ya komini ya Kadutu, ya Karisimbi ao ya Mulongwe haijulikane Bruxelles wala Nairobi. Inapashwa kuhakikishwa (légalisation). Njia ya kawaida: karatasi inapelekwa kwenye wizara ya mambo ya inchi za kigeni, Kinshasa, wanahakikisha sahihi ya ofisa. Kisha inapelekwa kwenye ambasade ya inchi yenye itaitumia, ambayo inahakikisha sahihi ya wizara.

Kuna mukataba wa La Haye wa tarehe 5 Oktoba 1961 wenye ulifupisha njia hiyo kuwa muhuri mumoja tu, unaoitwa apostille. Burundi na Rwanda ziliuingia. Kongo haimo. Kwa hiyo karatasi ya Kongo inafwata njia ndefu.

Watu wapaswe kuelewa jambo moja: légalisation inahakikisha sahihi, haihakikishe mambo yenye yaliandikwa. Ambasade inaweza kuweka muhuri, na kisha kutuma watu kufanya ankete kwenye komini ao hospitali. Kama kwenye kitabu namba ile inaonyesha mutoto mwingine, faili imekufa.

Mukaaji wa mashariki hana njia ya barabara ya kufika Kinshasa. Wengi wanatuma ndugu, na barua ya kumupa mamlaka (procuration) yenye inaandikwa jina la mwenye anatumwa na hesabu ya karatasi anazobeba. Inafaa kubakia na fotokopi za kila kitu.

Kuna pia shida ya vita. Tangu Goma na Bukavu kuingia mikononi mwa AFC/M23 katika Januari na Februari 2025, serkali ya Kinshasa haitambue watumishi wenye waliwekwa kule. Sahihi ya ofisa mwenye Kinshasa haimujue haiwezi kuhakikishwa Kinshasa. Kwa hiyo mwenye ako na acte ya mbele ya tarehe hizo aichunge sana. Mwenye hana, aulize kwanza ambasade, mbele ya kulipa, karatasi ya tarehe gani na ya ofisi gani watakubali.

Inchi jirani

Kongo iliingia katika Jumuia ya Afrika ya Mashariki 2022. Hiyo inasaidia katika mambo ya kusafiri, lakini haiondoe karatasi za ndoa.

Burundi. Ndoa inafungwa kwenye komini. Code ya 1993 inaomba mwanaume awe na miaka 21 na mwanamuke 18. Kijana wa Uvira wa miaka 19, mwenye kwa sheria ya Kongo anaweza kuoa, aulize mapema kwenye komini ya kule.

Rwanda. Ndoa ya serkali inafungwa kwenye sekta (umurenge). Miaka ni 21. Sheria mupya ya 2024 inaruhusu mwenye ana miaka 18 na zaidi kuomba ruhusa kama iko na sababu nzuri. Ndoa ya desturi ao ya kanisa peke yake haihesabiwe.

Uganda. Ofisi ni URSB, na matangazo ya ndoa yanabandikwa siku 21. Mugeni anaombwa karatasi ya kwao ya kuonyesha hana ndoa. Karatasi za Kifaransa zinapashwa kutafsiriwa kwa Kingereza.

Kenya. Sheria ya ndoa ya 2014 inaomba tangazo la siku 21 na miaka 18. Mugeni analeta karatasi ya kusema hakuna kizuizi, kutoka inchi yake ao ambasade yake. Ndoa inafungwa katika miezi mitatu kisha kutoa tangazo, ikipita, wanaanza upya.

Tanzania. Sheria ya Ndoa ya 1971 nayo inaomba tangazo la siku 21. Ndoa ya serkali inafungwa kwa ofisi ya mukuu wa wilaya, na RITA ndiyo inasimamia uandikishaji.

Siku 21 zinamaanisha kitu kimoja cha maana: kwenda Kampala na kikundi cha familia kwa juma moja, na nguo za arusi, bila kutoa tangazo mapema, ni kupoteza feza.

Ubelgiji

Mambo yanaanza kule, haiko huku. Yule mwenye anaishi Ubelgiji anaenda kwenye komini yake kufanya déclaration de mariage. Muchumba mwenye ako Kongo anaweza kuwa hayuko, lakini lazima atume barua ya kukubali yenye sahihi yake imehakikishwa. Pamoja na hiyo wanaomba acte de naissance, paspoti, célibat na zingine. Kwa komini za Flandria, karatasi za Kifaransa zinatafsiriwa kwa Kiholanzi na mutafsiri mwenye aliapa.

Ndoa haiwezi kufungwa mbele siku 14 zipite kisha déclaration, na inapashwa kufungwa katika miezi sita yenye inafwata. Mwenye ako Kongo anaomba viza ya kwenda kuoana, Kinshasa.

Ofisa wa komini akizani kwamba wachumba wanatafuta karatasi za kukaa tu, anaweza kuchelewesha ndoa miezi miwili, na procureur anaweza kuongeza mitatu. Wakati huo wanaitwa kila mutu peke yake: mulikutana wapi, lugha gani munazungumuza, ndugu za muchumba wanaitwa nani, anafanya kazi gani. Wachumba wa kweli hawana cha kukariri. Mara nyingi wenye wanaanguka ni wale walifundishwa majibu na komisionere.

Tena, kuoana hakutoe haki ya kukaa palepale. Kwa viza ya familia, Ubelgiji kwa kawaida inaomba bwana na bibi wawe na miaka 21, na yule wa kule awe na mapato, nyumba na asiransi ya magonjwa.

Marekani

Wakongomani wengi wa mashariki walipelekwa Marekani kutoka kambi za Uganda, Burundi, Rwanda na Tanzania. Hapa kuna njia tatu zenye hazipashwe kuchanganywa.

Viza ya muchumba (K-1) inaombwa na raia wa Marekani tu. Mwenye ako na green card peke yake hawezi. Wachumba wanapashwa kuwa walionana uso kwa uso katika miaka miwili mbele ya ombi, na kisha kuingia Marekani wanafunga ndoa katika siku 90. Wote wawili wawe huru kuoana, ndiyo sababu mutego wa mahari wenye ulielezwa juu ni wa hatari sana hapa.

Mwenye ako na green card anafunga ndoa kwanza, Kongo ao inchi ingine, kisha anaombea bibi ao bwana.

Mwenye aliingia kama mukimbizi anaweza kuitia bibi ao bwana mwenye walioana mbele yake kuingia Marekani, na ombi linapashwa kutolewa katika miaka miwili. Kama mu faili ya HCR alisema "célibataire," na kule kambini alikuwa na bibi, ataulizwa kati ya maneno yake mawili ni gani ya kweli. Kuna watu wenye walificha ndoa juu ya kuogopa safari itachelewa, na leo ndiyo ndoa hiyo haiwezi kuhakikishwa.

Kwa mukimbizi

Mutu mwenye alipata ukimbizi asikimbilie ambasade ya Kongo kuomba paspoti ao célibat. Kuomba ulinzi kwa inchi yenye alikimbia kunaweza kuleta maswali juu ya ukimbizi wake. Mukataba wa Genève wa 1951, kifungu cha 12, unasema mambo ya hali ya mutu, pamoja na ndoa, yanafwata sheria ya inchi anapoishi. Kifungu cha 25 kinaomba inchi hiyo imusaidie kupata karatasi zenye angepewa kwao. Ubelgiji, kazi hiyo inafanywa na CGRA, Ufaransa, OFPRA. Katika Burundi anaanza na ONPRA, na katika Uganda na ofisi ya Waziri wa Kwanza.

Mwenye alichukua uraia wa inchi ingine naye ajue: sheria ya Kongo ya 2004 inasema uraia wa Kongo ni mumoja na hauchanganywe na mwingine. Kwa hiyo karatasi zake za célibat anaziomba kwa inchi yake mupya.

Kuoana bila kuonana

Wengine wanauliza kama bwana mwenye ako Ulaya anaweza kutuma ndugu yake asimame badala yake kwenye komini. Kwa Kongo, hiyo inaomba ruhusa ya muamuzi wa tribinali ya amani, na sababu ikuwe nzito. Bila ruhusa hiyo, acte de mariage inaweza kukataliwa. Marekani yenyewe haihesabu ndoa ya namna hiyo kama wale wawili hawajaonana na kuishi kama bwana na bibi kisha ndoa. Mbele ya kuchagua njia hii, inafaa kuuliza ambasade yenye itapokea faili.

Feza, wakomisionere na karatasi za uongo

Kila ofisi iko na bei zake, na mwenye analipa ana haki ya kupewa karatasi ya malipo. Mutu mwenye anaomba feza bila kutoa karatasi hiyo, ao mwenye anasema "ambasade iko na mutu wangu," anapashwa kuachwa. Komisionere anaweza kubeba faili, lakini hawezi kubadilisha siku 30 za rufaa wala kuandika mutu katika kitabu chenye hakiko.

Kifungu cha 124 cha sheria ya makosa (Code pénal, livre II) kinaazibu karatasi ya uongo kwa kifungo cha miezi sita mpaka miaka mitano. Na kuna azabu ingine yenye haiandikwe kwenye sheria ya Kongo: ambasade inachunga faili. Mwenye alileta karatasi ya uongo mara moja, akirudi miaka mitano kisha, na karatasi za kweli, anaanza na doa.

Kisha ndoa

Wengi wanamaliza sherehe na kusahau. Acte de mariage yenye ilitolewa inchi ya kigeni inapashwa kuletwa kwa Kongo: inahakikishwa kule, kisha inaandikwa katika vitabu vya Kongo, kwa ambasade ao kwa komini. Bila hiyo, siku ya kifo, ya mirasi ao ya kuandikisha mutoto, mujane anaweza kujikuta mbele ya familia ya bwana bila kitu cha kuonyesha. Ni vizuri kila mumoja ashike nakala yake, na ingine ichungwe kwa wazazi.

Kuanza wapi?

Kwa mwenye anapanga ndoa ya mwaka kesho, mupangilio wa kazi ni huu: kwanza kupata orodha yenye imeandikwa, kutoka kwa ofisi yenye itafunga ndoa, haiko kutoka kwa rafiki mwenye alioana miaka kumi iliyopita. Pili, acte de naissance na mambo ya tribinali. Tatu, paspoti yenye majina yanalingana nayo. Ine, hukumu ya talaka ao acte de décès kama inaombwa. Tano, célibat na makao, miezi miwili ao mitatu mbele ya siku. Sita, muhuri wa Kinshasa na wa ambasade. Mahari na arusi vinapangwa kufwatana na kalendari hiyo.

Na kwa wazazi wenye wako na mutoto muchanga leo: siku 90 hazijapita. Kumuandikisha sasa kwa burgumestre ao kwa mukubwa wa sekta kutamuondolea tribinali, non-appel na safari zote hizo siku atakapotaka kuoa ao kuolewa.